Auger au Telescope Array: Kuchagua pa Kuanzia Utafiti wa Miale ya Kosmiki yenye Nishati ya Juu Kabisa

Mwanafunzi wa fizikia anayetaka kuandika tasnifu kuhusu miale ya kosmiki yenye nishati ya juu kabisa, yaani chembe za atomu zinazoifikia dunia kutoka anga za mbali, hana milango mingi ya kubisha. Kwa sasa vituo vikubwa vinavyoikusanya miale hiyo kwa wingi wa kutosha ni viwili: Kituo cha Pierre Auger, kilichotandazwa kwenye nyanda kame za Malargüe katika jimbo la Mendoza, Argentina, na Telescope Array, kilichomo katika jangwa la Utah, Marekani, karibu na mji mdogo wa Delta. Vyote viwili vinachunguza kitu kilekile, viko kwenye kimo kinachokaribiana cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila kimoja kinachanganya vigunduzi vya ardhini na darubini za usiku. Ufanano huo huwafanya wengi wadhani kwamba data za kituo kimoja zinaweza kumiminwa juu ya data za kingine, kama mchele wa maduka mawili katika gunia moja, na hapo ndipo kazi nyingi za wanaoanza huharibika. Niseme mapema kwamba mizani yangu inaelemea Auger kwa walio wengi, lakini yapo maswali ambayo jibu lake linapatikana Utah peke yake.

Sababu ya vituo kuwa vichache ni uhaba wa miale yenyewe. Kipimo kitakachotumika humu ni EeV, yaani elektronivolti bilioni moja mara bilioni moja. Chembe moja yenye EeV 100 hubeba jouli 16, ambazo ni sawa na nguvu ya pakiti ya sukari ya kilo moja iliyoanguka kutoka kimo cha mita moja na sentimita sitini. Na yote hayo yamo ndani ya kiini kimoja cha atomu. Protoni zinazozungushwa katika mtambo mkubwa wa kuongezea chembe kasi ulio karibu na Geneva hufikia elektronivolti trilioni 6.8, kiasi ambacho ni pungufu mara milioni 15 hivi. Chembe za kiwango hicho cha EeV 100 hazifiki hata moja kwa kila kilometa ya mraba katika karne nzima, kwa hiyo anayetaka kuziona hana budi kuutega ulimwengu kwa wavu mpana sana na kungoja kwa miaka mingi. Hakuna anayeziona moja kwa moja, kwani zinapogonga hewa huzaa manyunyu ya chembe mabilioni yanayoshuka kwa kasi inayokaribia ya nuru, na ni manyunyu hayo yanayopimwa ardhini.

John Linsley alinasa tukio la kwanza la kiwango hicho mwaka 1962 katika uwanja wa Volcano Ranch, New Mexico. Miaka minne baadaye Kenneth Greisen kwa upande mmoja, na Georgiy Zatsepin pamoja na Vadim Kuzmin kwa upande mwingine, walionyesha kwamba protoni zenye nishati inayozidi EeV 50 hivi hugongana na mnururisho hafifu wa mikrowevu uliojaa angani na kupoteza nguvu njiani, hivyo haziwezi kutufikia kutoka mbali sana. Kisha ukafuata ubishi ambao msomaji anapaswa kuujua, kwa sababu ndio uliozaa vituo vyetu viwili. Uwanja wa AGASA nchini Japani, uliotumia vigunduzi vya plastiki ardhini, haukuona upungufu huo uliotabiriwa, ilhali darubini za HiRes huko Utah ziliuona. Njia mbili za kupima zilikuwa zimetoa ulimwengu mbili tofauti. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kujenga kituo kikubwa chenye njia moja tu.

Tangi la maji na bamba la plastiki

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote kati ya vituo hivi imo katika kifaa cha ardhini, na ndiyo mtu huipuuza kwa sababu inaonekana kama jambo la mafundi. Auger ina matangi yapatayo 1,600, yaliyoachana kwa kilometa moja na nusu katika eneo la kilometa za mraba 3,000. Kila tangi lina lita 12,000 za maji safi kabisa yenye kina cha mita 1.2, na ndani yake mna giza totoro. Chembe inayopita majini kwa kasi kuliko nuru inavyopita humo hutoa mwanga hafifu wa Cherenkov, nao hudakwa na mirija mitatu ya kukuza mwanga. Telescope Array ina vigunduzi 507, vilivyoachana kwa kilometa 1.2 katika eneo la kilometa za mraba 700 hivi. Kila kimoja kina matabaka mawili ya plastiki inayometameta, eneo lake ni mita tatu za mraba, na unene wa kila tabaka ni zaidi kidogo tu ya sentimita moja. Vituo vyote hutegemea paneli za sola na betri kwa umeme wa vigunduzi hivyo.

Manyunyu yanayofika ardhini yana mchanganyiko wa elektroni, fotoni na mioni. Mioni ni chembe ngumu zinazopenya. Moja ikipita katika tangi huangaza maji tangu inapoingia hadi inapotoka, kwa hiyo huacha alama kubwa kuliko elektroni, ambayo huishia njiani. Bamba la plastiki halina upendeleo huo. Ni jembamba kiasi kwamba kila chembe yenye chaji huacha alama inayokaribiana na ya mwenzake, na kwa kuwa elektroni ndizo nyingi, bamba husema zaidi habari za elektroni. Kwa maneno mengine, tangi linasikiliza mioni kwa makini na bamba linahesabu umati.

Kipi ni bora? Hapa ndipo nisipoweza kutoa jibu moja. Wingi wa mioni hutegemea aina ya chembe iliyoanzisha manyunyu, kwani kiini cha chuma huzaa mioni nyingi kuliko protoni yenye nishati hiyohiyo. Kwa hiyo anayetafuta aina ya chembe ana faida kubwa akiwa na tangi. Lakini mioni ndizo zinazoziumbua programu za kompyuta za kuiga manyunyu, kwa kuwa Auger imepima mioni nyingi kuliko programu zinavyotabiri, na fumbo hilo halijafumbuliwa. Anayetaka kipimo cha nishati kisichoyumbishwa sana na fumbo hilo atayapenda mabamba ya Utah.

Kuna faida nyingine ya tangi ambayo haitajwi sana. Tangi lina kimo, hivyo manyunyu yanayokuja kwa mshazari mkubwa, karibu ya upeo wa macho, bado hukuta ukuta wa kuyapokea. Auger huchambua manyunyu yaliyoinama hadi nyuzi 80 kutoka wima. Bamba lililolala huonekana jembamba likitazamwa kutoka ubavuni, na Telescope Array kwa kawaida huishia kwenye nyuzi 55 au chini yake. Mshazari huo ndio unaoiwezesha Auger, iliyo katika latitudo ya nyuzi 35 kusini, kuona takriban asilimia 85 ya anga lote, kutoka ncha ya kusini hadi nyuzi 45 kaskazini.

Darubini za usiku na namna ya kupata nishati

Kwa upande wa darubini, vituo vinafanana mno. Manyunyu yakipita hewani huisisimua naitrojeni, nayo hutoa mng'ao dhaifu wa urujuanimno unaoweza kuonekana kutoka umbali wa makumi ya kilometa, mradi usiku uwe hauna mbalamwezi wala mawingu. Auger ina darubini 24 katika vilima vinne vinavyouzunguka uwanja, pamoja na tatu za nyongeza zinazotazama juu zaidi. Telescope Array ina 38 katika vituo vitatu, baadhi zikiwa zimerithiwa kutoka HiRes. Kwa kuwa zinafanya kazi usiku wa giza tu, hukusanya data kwa asilimia 10 hadi 15 tu ya muda wote, na vigunduzi vya ardhini havilali. Thamani yake ni kwamba hewa yenyewe hugeuka mita ya nishati: jumla ya mng'ao hulingana na nishati iliyomwagwa, bila kuhitaji kubahatisha mambo ya viini.

Matumizi ya zawadi hiyo ndiyo yanayotofautiana, na mwanafunzi akikumbuka aya moja tu ya makala hii basi iwe hii. Auger huchukua manyunyu yaliyoonekana na darubini na matangi kwa pamoja, hulinganisha alama iliyopimwa mita 1,000 kutoka kitovu cha manyunyu na nishati iliyosomwa na darubini, kisha hutumia uhusiano huo kwa matukio yote yaliyonaswa na matangi peke yake. Programu za kuiga haziingizwi katika hatua hiyo. Telescope Array huanza na programu za kuiga ili kuigeuza alama ya mita 800 kuwa nishati, halafu hugawanya jibu kwa 1.27 ili lilingane na darubini zake. Namba 1.27 ni ungamo lenye manufaa, maana inatuonyesha wazi jinsi programu zinavyokosea zikiachwa peke yake. Kila kituo kinakiri shaka ya jumla katika mizani yake ya nishati, Auger asilimia 14 na Telescope Array asilimia 21.

Pale wanapokosana

Vikundi vya pamoja vya vituo hivi vimelinganisha hesabu zao kwa miaka mingi. Mizani zao zinatofautiana kwa takriban asilimia tisa, Telescope Array ikisoma juu zaidi, na ukizisogeza mizani hizo zikutane katikati, idadi za miale hulingana vizuri hadi karibu EeV 30. Kuanzia hapo zinaachana tena. Auger huona idadi ikianza kuporomoka karibu na EeV 46. Telescope Array huona mporomoko huo ukianza juu ya EeV 60.

Asilimia tisa si kitu kwa anayepima urefu wa meza, lakini hapa tunapima mteremko mkali. Kwa kuwa idadi ya miale hupungua haraka nishati inapopanda, kosa la asilimia tisa katika nishati hugeuka kuwa kosa la takriban moja ya tano katika idadi ya matukio yanayozidi kiwango fulani, na katika sehemu ya mporomoko huzidi theluthi moja. Mwanafunzi anayeunganisha orodha mbili na kubakisha matukio yanayozidi EeV 50 tu katika zote atajitengenezea anga la kaskazini lililojaa kuliko la kusini, kisha atatangaza ugunduzi ambao kwa kweli ni hitilafu ya vipimo viwili visivyolingana. Ukanda wa anga unaoonwa na vituo vyote ndio mahali pa kusawazishia mizani kabla ya hatua nyingine yoyote.

Ukanda huo unapita juu ya ikweta, na kwa msomaji aliyesimama Nanyuki hapo ndipo utosini pake. Anga lote la kaskazini na la kusini humzungukia kila siku, ilhali hakuna kituo kikubwa cha aina hii kilichojengwa kwenye mstari huo. Ni jambo la kufikirisha, ingawa halimsaidii anayechagua leo.

Swali lako linaelekea wapi

Ikiwa swali ni aina ya chembe, yaani kama ni protoni au viini vizito, sioni sababu ya kusitasita. Darubini hupima kina cha hewa ambapo manyunyu hufikia kilele, na kiini kizito hufikia kilele mapema. Auger imeonyesha kwamba kuanzia karibu EeV 2 kwenda juu chembe zinazidi kuwa nzito nishati inavyopanda, na sampuli yake ni kubwa vya kutosha kuona hata mtawanyiko wa vilele hivyo. Kwa muda mrefu matokeo ya Utah yalisomwa kama ushahidi wa protoni, lakini ulinganisho wa pamoja ulionyesha kwamba, ukizingatia jinsi kila kifaa kinavyoona, vipimo vya vituo hivi havipingani. Ila vile vya Utah ni vichache mno kuweza kuamua. Kutegemea data chache wakati zilizo nyingi zipo si ushujaa.

Ikiwa swali ni mwelekeo wa jumla wa miale, Auger pia inatangulia. Mwaka 2017 ilitangaza kwamba miale inayozidi EeV 8 huja kwa wingi zaidi kutoka upande mmoja wa anga, tofauti ikiwa takriban asilimia 6.5, na uhakika ulizidi sigma tano, kipimo ambacho kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo uwezekano wa bahati tupu unavyopungua. Upande huo uko mbali kwa nyuzi 125 hivi na kitovu cha galaksi yetu, jambo lililowashawishi wengi kwamba miale hiyo inatoka nje ya Njia Nyeupe. Matokeo ya namna hiyo hayapatikani bila makumi ya elfu ya matukio.

Lakini ikiwa macho yako yako kaskazini, hali inageuka. Auger haioni zaidi ya nyuzi 45 kaskazini hata ingejitahidi vipi, na huko ndiko yaliko makundi ya galaksi yanayotajwa mara kwa mara katika mjadala wa vyanzo. Mwaka 2014 Telescope Array iliripoti mrundikano wa miale inayozidi EeV 57 karibu na kundinyota la Dubu Mkubwa: kati ya matukio 72, matukio 19 yalitoka katika duara moja lenye nusu-kipenyo cha nyuzi 20, ambamo yalitarajiwa manne au matano tu. Uhakika wake, baada ya kutoza gharama ya kutafuta kila mahali, ulikuwa sigma 3.4, na data zilizofuata hazijaupandisha kama wengi walivyotumaini. Mimi ningelichukua suala hilo kama tasnifu nzuri kwa sababu hiyohiyo, maana halijathibitika wala halijafutika, na hakuna mahali pengine pa kulifuatilia.

Utah pia ndiko kulikopatikana tukio linaloitwa Amaterasu, kwa jina la mungu wa kike wa jua wa Wajapani. Alfajiri ya Mei 27, 2021 vigunduzi 23 viliwaka pamoja, na nishati ikahesabiwa kuwa EeV 244. Habari zake zilichapishwa Novemba 2023, na kilichowashangaza wataalamu ni kwamba ukifuata mwelekeo wake unafika katika sehemu ya anga iliyo karibu tupu, isiyo na galaksi inayoweza kushukiwa. Tukio kubwa kuliko hilo lilirekodiwa Utah hukohuko Oktoba 15, 1991 na mtambo wa Fly's Eye, likiwa na EeV 320. Kwa upande wa Auger, tukio la juu kabisa katika orodha yake ya matukio makuu 100 ni la EeV 166. Anayevutiwa na vilele vya pekee atavutwa Utah, japo ningemtahadharisha kwamba tukio moja ni hadithi tamu na takwimu mbaya.

Kupata data bila kuwa mwanachama

Kwa mtu aliye nje ya ushirikiano wa vituo hivi, mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti ya kukatikakatika, suala hili huenda likamaliza ubishi wote wa matangi na mabamba. Mwaka 2021 Auger ilifungua kwa umma sehemu ya kumi ya data zake, zaidi ya manyunyu 20,000, pamoja na programu za Python zinazomwonyesha mgeni hatua kwa hatua jinsi ya kupata mporomoko wa nishati au kina cha kilele. Muhtasari umo katika majedwali mepesi ambayo hayahitaji mashine kubwa, na baadaye iliongezwa orodha kamili ya matukio makuu 100 yenye mwelekeo, nishati na saa ya kila tukio. Kwa Telescope Array, njia ya kawaida ya mtu wa nje ni majedwali yaliyochapishwa ndani ya makala, mathalani yale matukio 72 ya mwaka 2014. Yanatosha kwa ramani ya mielekeo. Hayatoshi kwa anayetaka kujifunza kujenga nishati kutoka kwenye alama za vigunduzi.

Muda nao una neno lake. Auger imepandisha bamba la plastiki juu ya matangi yake, ikaongeza antena za redio na vifaa vipya vya elektroniki, ili kila kituo kidogo kitenganishe mioni na elektroni chenyewe. Kwa hiyo ubishi wa tangi na bamba umeingizwa ndani ya kifaa kimoja. Telescope Array imekwenda njia nyingine ya kutanua uwanja hadi ukaribie ukubwa wa Auger, kwa kuweka vigunduzi vipya vilivyoachana kwa kilometa 2.08, na takriban nusu ya vigunduzi vya upanuzi huo iliwekwa mwaka 2019. Umbali huo unafaa kwa nishati za juu tu. Anayeanza shahada ya uzamivu sasa ataikuta Auger ikiboresha jibu la "ni chembe gani" na Telescope Array ikiongeza idadi ya matukio adimu ya kaskazini. Njia nyingine, kama antena za redio zilizotawanywa milimani au kamera zinazotazama dunia kutoka juu, bado ni za majaribio. Puto lililorushwa kutoka New Zealand Mei 2023 kwa kazi hiyo lilivuja na kutua baharini baada ya siku moja na ushee. Nisingemshauri mtu mwenye miezi kumi na miwili ya tasnifu aziegemee.

Linabaki swali moja ambalo halimpi mtu ruhusa ya kuchagua upande: je, anga la kaskazini na la kusini kweli yanatofautiana juu ya EeV 30, au ni mizani tu? Kwa ajili ya hilo matangi machache ya Auger yamesafirishwa hadi Utah na kusimikwa kando ya mabamba ya Telescope Array, ili manyunyu yaleyale yapimwe na vyote viwili kwa wakati mmoja.